UZI: Mwanga wa Aparajito ulitoka wapi? Filamu tatu za Apu za Satyajit Ray, zilivyopigwa na namna ya kuzitazama

#1 Msafiri_wa_Reli

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa filamu tatu za Satyajit Ray, mwongozaji wa Kolkata, India, zinazomfuata Apu toka utoto wake kijijini hadi utu uzima: Pather Panchali (1955), Aparajito (1956) na Apur Sansar (1959). Naomba tubaki kwenye ufundi: zilipigwaje, kwa vifaa gani, nini kiliharibika na kilirekebishwaje. Sifa za jumla zimejaa kila mahali, mtu anasema "filamu ya kweli kabisa" halafu anaishia hapo. Mimi nashikilia kwamba huo ukweli umetengenezwa kwa mikono, shoti baada ya shoti, na fundi mwenye bajeti ndogo anaweza kuusoma na kuufuata.

Naanza na siku ya kwanza, 27 Oktoba 1952. Ray ni mchoraji wa matangazo kwenye kampuni ya D.J. Keymer, hajawahi kuongoza filamu. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, ni kijana wa miaka 20 na kidogo ambaye anajua kamera ya picha za mnato tu. Taa alizisomea pembeni, akichora kwenye daftari jinsi zilivyopangwa wakati Jean Renoir, mwongozaji wa Kifaransa, alipokuwa Bengal akipiga filamu yake The River. Kwa kuwa watu wana ajira zao, upigaji ni wa siku za mapumziko.

Sini ni ile ya Apu kumtafuta dada yake Durga kwenye uwanda wa kaash, karibu na reli, sehemu za Palsit. Kaash ni majani marefu ya jamii ya muwa yanayotoa mashada meupe mvua zinapokwisha. Maelekezo kwa mtoto yalikuwa mepesi: tembea, simama, angalia huku na huku, endelea. Matokeo yake mtoto akatembea kama anayehesabu hatua. Hapo Ray akafanya mambo mawili. Kwanza akaweka vikwazo vidogovidogo njiani ambavyo Apu lazima avivuke, mguu ukapata kazi ya kweli. Pili akaficha watu ndani ya majani pande zote mbili wamwite kwa zamu, kwa wakati uliopangwa, shingo ikageuka kwa sababu kuna sauti. Mtoto hakuigiza kutafuta; alikuwa anatafuta.

Jumapili iliyofuata wakarudi kumalizia. Ng'ombe walikuwa wamekula maua yote. Hakuna fremu iliyoweza kuunganishwa na ile ya wiki iliyopita, wakalazimika kusubiri msimu wa kaash wa mwaka uliofuata. Kwa hiyo shoti yoyote inayotegemea kitu cha msimu (maua, maji ya mto, mavuno) ipigwe siku moja yote, pana kwanza na za karibu baadaye. Ukikosa za karibu unaweza kuzipiga kwenye kichaka chochote kinachofanana. Pana ukiikosa, imekwenda.

Karibuni wenye kujua zaidi.

#2 BintiKiwengwa

Asante kwa uzi huu kaka Msafiri. Swali langu ni la Aparajito, ile nyumba ya mji wa Benares wanakopanga Harihar, baba yake Apu, na mkewe kabla Harihar hajafariki. Mwanga wa ua wa ndani unashuka toka juu, laini, hauna kivuli cha kukata. Lakini inasemekana nyumba ile ni seti ya studio. Kama ni studio, kivuli cha taa kimekwenda wapi?

#3 FundiTaa

Dada, hapo umegusa penyewe. Hilo ni jambo kubwa kuliko yote katika filamu hizi kwa mtu wa kamera, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mpango wa awali ulikuwa Bansi Chandragupta, mbunifu wa seti, aijenge nyumba nje, mahali pa wazi, mbingu yenyewe imulike. Hofu ya mvua za msimu ikawarudisha ndani ya studio, Kolkata. Mitra akabishana na Ray na Chandragupta wote wawili. Hoja yake: nyumba ya namna ile ina ua katikati, na mwanga wake wote unatoka kwenye kipande cha mbingu juu. Mbingu ni taa moja kubwa mno, haitoi kivuli chenye ukingo. Studio ya wakati ule ilimulikwa kwa taa za moja kwa moja toka kwenye madaraja ya juu, na kila taa inaacha kivuli chake. Mtu akipita mbele ya ukuta unaona vivuli vitatu, na mtazamaji anajua papo hapo kwamba yuko studio hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Aliposhindwa kuwashawishi, akatengeneza mbingu. Alitandaza kitambaa cheupe kwenye fremu juu ya seti, pale ambapo mbingu ingekuwepo, akaweka taa chini yake zikitazama juu. Mwanga ukapiga kitambaa ukarudi chini. Kinachommulika muigizaji ni kitambaa, taa zenyewe hazimfikii. Hiyo ni 1956, na akaifanya kuwa njia yake ya kazi toka hapo.

Kwa anayetaka kuijaribu leo kwenye chumba cha mita 4 kwa 4, hiki ndicho kipimo cha kuanzia:

Kitambaa mita 3 kwa 3. Chukua bafta, usichukue marekani. Marekani haijapaushwa, ile rangi yake ya maziwa itaufanya mwanga uwe wa njano na utahangaika na rangi za ngozi hadi mwisho. Mitra alikuwa anapiga nyeusi na nyeupe, hilo halikumhusu, wewe linakuhusu. Kama bafta ni nyepesi, kunja mara mbili, la sivyo nusu ya mwanga inapita kwenda darini bure.

Fremu ya mbao za mbili kwa mbili au bomba la chuma. Bomba la plastiki la inchi moja litapinda kwenye urefu wa mita 3, kitambaa kitaning'inia katikati, na sehemu iliyoning'inia itakuwa na mwanga mkali kuliko kingo. Ifunge mita 2.8 hadi 3 toka sakafuni, uikaze kama ngozi ya ngoma.

Taa mbili za LED za wati 200, pande mbili zinazotazamana, ziwe mita 1.2 hivi chini ya kitambaa. Usizielekeze juu wima. Kila moja ilenge nusu ya mbali ya kitambaa, vinginevyo utapata duara jeupe juu ya kila taa na giza katikati. Mbele ya kila taa weka kadibodi nyeusi ili hata uzi mmoja wa mwanga usimfikie mtu moja kwa moja. Ukiona kivuli chenye ukingo ukutani, kuna taa inavuja, itafute.

Tarajia kubaki na robo ya mwanga au chini yake. Anza na ISO 800 (kiwango cha kamera kushika mwanga), uwazi wa lenzi f/2.8, shata 1/50 ya sekunde. Shata hiyo pia inakuokoa na kupepesa kwa taa, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Kama una halojeni za zamani, ziwe angalau mita moja toka kwenye kitambaa, zinaunguza.

#4 Mgeni_Lamu

Mkuu FundiTaa, kuna tatizo hukulitaja. Mwanga ukishuka toka juu peke yake, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi, hasa wenye paji la uso lililotokeza. Kwenye Aparajito sioni mashimo hayo. Kwa nini?

Na kwa faida ya wasomaji wa Pwani: nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe zina ua wa wazi wa namna hiyohiyo katikati. Ukitaka kuona Mitra alikuwa anaiga nini, ingia kwenye mojawapo saa nne asubuhi, usimame chini ya baraza, uangalie mwanga unavyopungua toka katikati ya ua kuelekea milango ya vyumba.

#5 FundiTaa

Umenishika pazuri ndugu Mgeni. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni sakafu na kuta. Ua wenye rangi ya kupauka unarudisha mwanga toka chini na pembeni, unajaza macho. Seti yako ikiwa na sakafu nyeusi au zulia la rangi nzito, tandika shuka jeupe sakafuni nje ya fremu, kati ya kamera na muigizaji. Mita moja na nusu ya shuka inatosha kwa shoti ya kifuani.

Ya pili ni mahali anaposimama mtu. Akiwa katikati kabisa chini ya kitambaa, macho yanazama. Mrudishe nyuma hatua mbili, kitambaa kiwe mbele yake kwa juu, mwanga uje kwa mshazari kama nyuzi 45. Ukitazama sini za ua ule, watu hukaa kwenye kingo zake: mlangoni, kwenye ngazi, chini ya baraza.

Kosa la mwisho linalowapata wengi ni kumulika kila kona. Mwanga wa kitambaa unamwagika kila mahali, chumba kinakuwa bapa kama karatasi. Ning'iniza nguo nyeusi kwenye kingo za fremu, sentimita 50 hadi 60 kwenda chini, ili sehemu za juu za kuta zibaki na giza. Hapo chumba kinapata kina.

#6 Kasuku77

Pather Panchali ilikuwa filamu ya kwanza ya India kushinda kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, tuliweke hilo kwenye rekodi. Ila na mimi nina la kusema: Ray alijenga jina Ulaya kwa kuonyesha umaskini wa watu wake. Hata Nargis, yule mwigizaji nyota wa India, alisema hivyo bungeni.

#7 Msafiri_wa_Reli

Mkuu Kasuku, kwenye rekodi iwekwe sawasawa. Neecha Nagar ya Chetan Anand ilishiriki tuzo kuu ya Cannes mwaka 1946, miaka kumi kabla. Pather Panchali ilipewa tuzo maalumu ya 1956, ya "hati bora ya kibinadamu".

La Nargis ni kweli, alilisema mwaka 1980 akiwa mbunge. Lakini pima kwa kazi zenyewe. Jalsaghar (1958) ni bwanyenye anayefilisika kwa kuandaa usiku wa muziki. Kanchenjungha (1962) ni familia tajiri mapumzikoni Darjeeling. Charulata (1964) ni mke wa mwenye gazeti, nyumba kubwa, mwaka 1879. Nayak (1966) ni nyota wa sinema kwenye behewa la daraja la juu. Goopy Gyne Bagha Byne (1969) ni hadithi ya watoto iliyoandikwa na babu yake, Upendrakishore, na ina ngoma ya mizimu inayoendelea kwa dakika zaidi ya sita. Aliyekaza macho kwenye umaskini peke yake ni yule aliyetazama filamu moja akaacha.

Halafu hata kwenye hiyo moja, tazama wamiliki wa bustani ya jirani, wana kila kitu. Kamera haiombi huruma kwa Durga anapoiba matunda, inamfurahia anavyokula.

#8 shamba_la_sauti

Nami niongeze kwenye kutengeneza ukweli kwa mikono: vimulimuli vya Aparajito.

Sini ni Sarbajaya, mama yake Apu, mgonjwa, jioni, anamsubiri mwanawe aliyeko Kolkata masomoni. Anainuka, anatazama gizani, anaona vimulimuli vinacheza juu ya kidimbwi. Ni saa zake za mwisho. Vimulimuli vya kweli havitoi mwanga wa kutosha mkanda wa filamu wa wakati ule kuvishika. Wakachagua watu wagumu wa kikosi, wakawavika mashati na suruali nyeusi, kila mmoja akashika balbu ndogo ya tochi, waya na betri. Wakaziinua balbu juu, wakawa wanazizungusha huku wakigusisha na kuachisha waya, ziwake na kuzima. Ni hivyo tu. Macho yetu yanakubali kwa sababu mwako hauna mpangilio. Kila mkono una kasi yake.

Anayetaka kuirudia kwa LED za sasa aangalie jambo moja. LED inawaka na kuzima ghafla, kama swichi. Balbu ya uzi inafifia, na kimulimuli naye hufifia. Weka kapasita sambamba na LED au tumia balbu ya tochi ya zamani ya volti 2.5.

Tuje kwenye muziki. Ravi Shankar, mtunzi wa muziki na mpiga sitar (chombo cha nyuzi cha India), alikuwa na ratiba ngumu, akaona sehemu tu ya filamu, na muziki wa Pather Panchali ukarekodiwa kwa kikao kimoja cha usiku, kama saa kumi na moja mfululizo. Kikao cha namna hiyo hakiwezi kufunika kila sini. Pale ambapo muuza vitamu anapita kijijini na watoto na mbwa wanamfuata kwa safu, sitar mnayoisikia imepigwa na Subrata Mitra mwenyewe, mpiga picha.

Kubwa kuliko yote ni Harihar anaporudi safari na zawadi. Anatoa sari ya Durga, na hajui kwamba Durga amekufa. Sarbajaya anaikumbatia ile sari, mdomo unafunguka, analia. Kilio hakisikiki. Mahali pake pamewekwa tarshehnai, chombo cha nyuzi chenye sauti ya kupasua, kimepanda juu kabisa. Angalieni mpangilio: kabla ya hapo hakuna muziki, kuna sauti za kawaida tu na Harihar akiongea kwa furaha. Muziki ungeanza sekunde kumi mapema ungekuwa umetuambia habari kabla ya mama.

#9 BintiKiwengwa

Mvua inayowapiga Durga na Apu kwenye Pather Panchali nayo ni ya kweli au ya mabomba?

#10 Msafiri_wa_Reli

Ni ya kweli, na iliwatesa. Fedha zilikatika katikati ya kazi. Ray alikwisha kuweka rehani bima yake, na vito vya mkewe Bijoya vilikwenda rehani pia. Fedha zilipopatikana msimu wa mvua ulikuwa umepita. Ikabidi waende kijijini Boral siku baada ya siku mwezi wa Oktoba, wakitazama mawingu, hadi wingu moja likawahurumia. Ile baridi mnayoiona kwa watoto chini ya mti si ya kuigiza.

Aliyewaokoa kifedha ni serikali ya Bengal Magharibi chini ya B.C. Roy. Jina la filamu lina maana ya wimbo wa njia, na fedha zikaandikwa kwenye fungu la uboreshaji wa barabara. Jumla ya gharama ilikuwa kama rupia 150,000.

Kupiga kwa miaka miwili na nusu kuna hatari ya kukosa mwendelezo. Mwigizaji wa muuza vitamu alifariki katikati. Wakampata mwingine mwenye umbo lilelile wakampiga kwa nyuma. Mbwa naye alikufa, wakatafuta anayefanana. Ray alisema kilichomwokoa ni miujiza mitatu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na bibi Indir hakufa. Chunibala Devi, aliyemcheza Indir, alikuwa na umri wa kama miaka 80.

#11 mzee_wa_manukuu

Vijana mmefanya kazi nzuri. Mimi nizungumzie kutazama, maana wengi wanaziharibu filamu hizi kwa rimoti.

Umbo la picha ni 1.37 kwa 1, karibu mraba. Kwenye televisheni ya sasa ya 16 kwa 9 lazima uone ukanda mweusi kushoto na kulia, na picha ichukue kama asilimia 77 ya upana. Ukiona picha imejaza kioo, moja kati ya mawili limetokea. Ama imevutwa, na watu wamenenepa (tazama magurudumu ya treni, yatakuwa mayai). Ama imekatwa juu na chini, umepoteza karibu robo ya fremu, na humo ndimo Ray alimoweka miti juu ya vichwa vya watoto. Nenda kwenye umbo la picha, chagua 4:3 au "asilia". Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo. Kinaifanya Pather Panchali ionekane kama taarifa ya habari.

Kasi. DVD nyingi za Ulaya za mfumo wa PAL zinaendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24. Filamu ya dakika 125 inakwisha kwa 120, na sauti inapanda karibu nusu toni. Kwa mazungumzo si neno, kwa sitar ni hasara.

Manukuu. Mengi ni ya Kiingereza, na hapo undugu unapotea. Watoto wanamwita Indir "shangazi", wa upande wa baba, kwa kuwa ni binamu mkubwa wa Harihar. Kwa Sarbajaya basi ni wifi. Sisi tukisema wifi tunaelewa mara moja ule ugomvi wa jikoni: nani ana haki ya kukaa, nani anamlisha nani, kwa nini bibi akifukuzwa anabeba mkeka wake na kurudi tena baadaye. Mtazame Sarbajaya kama mke aliyekuta wifi mzee nyumbani kwa mumewe, na chakula hakitoshi, hutamwona katili. Na wimbo wa Indir wa usiku, kama manukuu yako yameuruka, ni ombi: siku imekwisha, jioni imefika, nivushe ng'ambo.

Zifuatwe kwa mpangilio, Pather Panchali, Aparajito, Apur Sansar, maana treni inabadilika maana. Ya kwanza ni maajabu, watoto wanaikimbilia. Ya pili inamchukua Apu toka kwa mama yake. Ya tatu inapita chini ya dirisha la chumba chake cha kupanga, ni kelele na moshi, na baada ya mkewe kufariki Apu anasimama kando ya reli akitaka imwue. Anayeanza na ya tatu anasikia kelele za treni tu.

#12 Kasuku77

Nimekubali sahihisho la Cannes, Msafiri. Je, nakala za 4K (za ukali wa juu) zilizotoka 2015 zimetoka kwenye mkanda mama, ule uliopita ndani ya kamera, au ni nakala ya nakala? Nasikia kulikuwa na moto.

#13 Mgeni_Lamu

Ni mchanganyiko, ndugu Kasuku, na uwiano unatofautiana kwa kila filamu.

Julai 1993 moto uliunguza maabara ya Henderson, London kusini, ambako mikanda mama ya filamu kadhaa za Ray ilikuwa imehifadhiwa. Mabaki yakapelekwa kwenye hifadhi ya Academy, wale watoa tuzo za Oscar, huko Marekani yakatunzwa, ingawa kwa teknolojia ya wakati ule hakuna mashine iliyoweza kuyapitisha. Miaka ishirini baadaye Criterion, kampuni inayotoa filamu za kale, na Academy wakayapeleka Bologna, Italia, kwenye maabara ya L'Immagine Ritrovata.

Mkanda uliopitiwa na moto unakauka, unasinyaa, unakunjamana, gundi ya maungio inayeyuka na kugandisha tabaka moja na jingine. Ukiulazimisha kwenye skana unakatika. Kwa hiyo kwanza unarudishiwa unyevu polepole hadi ukubali kukunjuka. Kisha gundi ya zamani inaondolewa. Kisha yale matundu ya pembeni yanayoshikwa na meno ya mashine, ambayo yameungua, yanajengwa upya kwa mkono. Kazi ya mikono peke yake ilikaribia saa 1,000. Baada ya hapo ndipo skana ya 4K.

Waliokoa asilimia 40 ya Pather Panchali na zaidi ya 60 ya Aparajito toka kwenye mkanda mama. Apur Sansar haikubaki kitu cha kutumika. Mapengo yakajazwa kwa nakala bora zilizokuwa sehemu mbalimbali, ikiwemo hifadhi za Harvard na BFI (taasisi ya filamu ya Uingereza). Ndiyo sababu ukiangalia kwa makini unaona chembechembe za picha zinabadilika toka shoti moja hadi nyingine: shoti kali, yenye nywele za Durga moja moja, ni mkanda mama, inayofuata laini kidogo ni nakala. Msiirekebishe kwa kuongeza ukali kwenye televisheni. Mtaharibu zote mbili.

#14 shamba_la_sauti

Kabla uzi haujaenda mbali, mtu wa haki hawezi kumaliza mazungumzo ya filamu za Bengal bila Ritwik Ghatak, mwongozaji wa wakati mmoja na Ray. Nagarik yake ilikamilika 1952, mwaka uleule Ray alipoanza, lakini haikuonyeshwa hadi 1977, naye Ghatak alikwisha kufariki 1976. Meghe Dhaka Tara (1960) isikilizeni kwa spika nzuri. Nita anapogundua kwamba mchumba wake amehamia kwa mdogo wake, anashuka ngazi na tunasikia mlio wa mjeledi. Hakuna mjeledi popote kwenye picha. Ray anaondoa sauti ya kilio na kuweka chombo; Ghatak anaongeza sauti ambayo haipo duniani. Mimi nampenda Ghatak zaidi, nasema wazi.

#15 FundiTaa

Ghatak anastahili uzi wake, ufungue tu mkuu, tutakuja.

Nimalize la mwanga kwa sababu nimeulizwa pembeni kuhusu chumba cha Apur Sansar. Pale kuna shoti ya asubuhi ambayo ningependa kila mpiga picha aisimamishe. Apu na mkewe Aparna hawana kitu, pazia la dirisha lina tundu. Aparna anapofika mara ya kwanza anachungulia kwenye tundu hilo, machozi yakiwa jichoni, anamwona mtoto na mama chini uani. Baadaye asubuhi nyingine anaamka, upindo wa sari umefungwa kwenye nguo ya mumewe. Dirisha ndilo chanzo pekee, linatoka upande mmoja, na upande wa pili wa chumba umeachwa uwe na giza. Tofauti na ua wa Benares kabisa, lakini kanuni ni moja: kabla ya kuwasha chochote, amua mwanga wa saa ile kwenye nyumba ile unatoka wapi, halafu weka kitambaa hapo.

Kwa jaribio la nyumbani, kama dirisha lako linaingiza jua kali la moja kwa moja, tundika bafta moja nje ya dirisha, nusu mita toka kwenye nondo. Ukiitundika kwa ndani inakuwa pazia na itaonekana kwenye fremu.

#16 BintiKiwengwa

Nimeelewa kaka FundiTaa. Nina bafta ya mita 1.5 upana, nitashona vipande viwili. Mshono ukikaa katikati ya fremu utaacha mstari?

#17 FundiTaa

Hautaacha, dada. Kitambaa kikiwa zaidi ya mita moja juu ya kichwa, mshono hauonekani kwenye mwanga. Ila shona mara mbili, maana ukikaza fremu ndipo kinapoachia.